Namba ya muda katika barabara ya majirani

Ndugu msikilizaji, barabara kuu ipitayo Iringa na Mbeya haikutiwa lami kwa ajili ya Iringa na Mbeya peke yake. Ilitiwa lami kwa sababu jirani yetu alikuwa amefungiwa mlango. Nimeona nianze na jambo hilo, maana wiki hii nataka tuzungumze juu ya magari ambayo kila mkazi wa Nyanda za Juu Kusini anayafahamu kwa herufi mbili tu, yaani IT.

Ni magari madogo kwa makubwa, mengi yametoka Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, na yanakwenda Zambia, Malawi au Kongo. Yanapita Ruaha Mbuyuni, yanapanda Kitonga, yanapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa, halafu Mafinga, Makambako, Chimala hadi Uyole. Yaendayo Malawi huacha barabara kuu pale Uyole yakashika njia ya Tukuyu na Kasumulu. Yaliyobaki huendelea na Mbalizi na Vwawa hadi Tunduma. Hayana namba za Tanzania wala za nchi yaendako. Yamepewa namba ya muda, nayo kazi yake ni kusema jambo moja tu: gari hili si la hapa, linapita.

Tumezoea kuyazungumza magari haya pale yanapopata ajali. Siku hiyo tunalaumu dereva, tunalaumu trafiki, kisha tunanyamaza hadi ajali nyingine. Leo nataka tuulize swali la nyuma zaidi. Kwa nini magari yasiyo yetu yanapita kwetu, na kwa nini watu wetu wamo ndani yake?

Kwanza tuseme neno juu ya namba yenyewe. Gari lilipoanza kuonekana Ulaya mwishoni mwa karne ya 19, wakubwa wa miji waligundua kwamba chombo hiki kinaweza kumgonga mtu na kutoweka kabla jina la mwenyewe halijajulikana. Farasi hakuwa na mbio za namna hiyo. Polisi wa Paris walianza kudai vibao vya utambulisho mwaka 1893, na Uingereza ikatunga sheria mwaka 1903 iliyoanza kutumika Januari 1904. Maana ya namba tangu mwanzo ni uwajibikaji. Namba inamwambia aliyegongwa: mwenye gari anaweza kupatikana.

Shida ilikuja magari yalipovuka mipaka. Gari la Mfaransa likiwa Ujerumani, nani anajibu? Ndipo zikaja herufi za nchi, zinazobandikwa nyuma ya gari. Wazee wanaokumbuka wakati wa mkoloni wanazijua herufi hizo kwa Afrika Mashariki: EAK kwa Kenya, EAU kwa Uganda, EAT kwa Tanganyika na EAZ kwa Zanzibar. Mtu aliyetoka Nairobi kwenda Mbeya alitembea na utambulisho wa kwao. Hakuhitaji namba ya muda, kwa sababu gari lake lilikuwa na kwao na lingerudi kwao.

Gari la IT ni kitu kingine. Limeshaondoka kwa wa kwanza na halijafika kwa wa pili. Japani jina lake limefutwa, na Zambia jina lake halijaandikwa. Kwa siku zile chache linapokuwa juu ya ardhi yetu ni kama mtoto aliye njiani kutoka kwa mjomba kwenda kwa shangazi, na kila amwonaye barabarani anadhani mwenzake ndiye anayemwangalia.

Gari la kupita si jambo geni nchini mwetu. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililoletwa kwa meli kutoka Ujerumani, akanuia kuvuka bara zima. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630! Barabara hazikuwapo, na gari lilisukumwa na kuvutwa kwa nguvu za Waafrika kuliko lilivyokwenda kwa injini. Vitabu vinalitaja jina lake. Waliosukuma hawatajwi. Tangu siku hiyo gari la kupita katika nchi hii lina desturi ya kuacha jasho la watu wasioandikwa.

Waingereza nao walikuwa na ndoto ya barabara ya kutoka Cape hadi Cairo. Sehemu yake iliyopita kwetu ilitoka Rhodesia ya Kaskazini, ikaingia Tunduma, Mbeya, Iringa, kisha ikaelekea Dodoma na Arusha hadi Nairobi. Angalieni vema, wasikilizaji: njia kuu ya wakati ule haikuelekea Dar es Salaam, ilielekea kaskazini. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia misafara ya magari ya jeshi kutoka kusini ilipita humo kwenda Kenya. Na kwa njia hiyohiyo vijana wa Rungwe na Mbeya walikwenda kinyume chake, kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu Afrika Kusini. Baba zetu wa Nyanda za Juu waliishi ugenini miaka mingi. Walijua maana ya kutembea na karatasi ya muda mfukoni na kusimamishwa na kila mwenye kofia.

Kisha ukaja mwaka 1965. Zambia ilikuwa imepata uhuru Oktoba 24 mwaka uliotangulia, na sehemu kubwa ya biashara yake, shaba kwenda nje na mafuta kuja ndani, ilikuwa inapita kusini katika nchi zilizotawaliwa na makaburu, walowezi na Wareno. Novemba 11, 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia ya Kusini. Muda si mrefu mafuta ya Zambia yakakatwa. Nchi changa ikajikuta haina petroli ya kuendeshea hata magari ya hospitali. Mataifa rafiki yakasafirisha mafuta kwa ndege, ndani ya mapipa, lakini kwa ndege huwezi kuendesha nchi.

Njia iliyobaki ilikuwa hii yetu. Malori yakaanza kutoka Dar es Salaam na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba, kwenye barabara ya udongo iliyogeuka tope wakati wa masika na vumbi jekundu wakati wa kiangazi. Kitonga ilimeza malori. Madereva wa Kizungu waliiita kwa jina lenye maana ya mbio za jehanamu, na si wao tu waliokufa humo. Mwaka 1966 serikali mbili, ya Mwalimu Nyerere na ya Mzee Kaunda, ziliunda kampuni ya malori kwa ubia na Waitaliano, na malori ya Fiat yakawa sura ya kila siku Iringa na Mbeya. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifika Ndola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ilikamilishwa kwa misaada na mikopo, ikiwamo ya Marekani na Benki ya Dunia. Na kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, hadi Kapiri Mposhi.

Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba barabara hii ni ya majirani. Tanzania haikuwa tajiri. Ilikubali barabara zake zichimbike na maisha ya raia wake yawe hatarini, kwa sababu iliona kwamba uhuru wa jirani ni sehemu ya uhuru wake. Vita vya Msumbiji vilipoharibu njia za reli za Malawi kwenda Nacala na Beira katika miaka ya 1980, Malawi nayo ilikuja kwetu, na mizigo yake ikajengewa kituo hapahapa Mbeya. Hatukuwauliza wakubwa wao walikuwa wanakula na nani Pretoria. Tulifungua njia.

Sasa tufike kwenye magari. Katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 gari dogo nchini mwetu lilikuwa kama nyota. Fedha za kigeni hazikuwapo, mafuta yalikuwa ya kibali. Aliyerudi masomoni Ulaya na gari alijulikana wilaya nzima. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa bila kuulizwa sana walizipataje, na chini ya Mzee Mwinyi mlango ukazidi kufunguka. Zambia ilifungua wake baada ya uchaguzi wa Oktoba 1991. Malawi ilibadili utawala mwaka 1994, na Kongo mwaka 1997. Ghafla walimu, wauguzi, wachimbaji na wafanyabiashara wa nchi nne waliweza kufikiria kununua gari.

Gari gani? La Japani, lililotumika. Wajapani huendesha kushoto kama sisi na kama Zambia na Malawi, kwa hiyo usukani wao unatufaa. Na kwa kuwa nchini mwao kuweka gari kuukuu barabarani ni gharama kubwa, huliuza likiwa bado zima. Hata Kongo, ambako huendesha kulia, magari haya yenye usukani wa kulia yamejaa Lubumbashi, maana bei haina upande. Zambia haina bahari, Malawi haina bahari, na Katanga iko mbali sana na bahari ya nchi yake. Basi meli zinashusha Durban au zinashusha Dar es Salaam. Zikishusha Dar es Salaam, njia ni Iringa na Mbeya.

Hapo ndipo namba ya muda inapozaliwa. Wakala wa forodha anaandika hati kwamba gari linapita tu. Kwa sababu linapita, halilipiwi ushuru wa Tanzania. Lakini serikali si mjinga: inadai dhamana, ili gari likipotelea njiani na kuuzwa Morogoro au Makambako, wakala alipe. Linapangiwa njia na siku za kutoka nchini. Linakatiwa bima ya muda mfupi. Likifika Tunduma au Kasumulu, forodha wanathibitisha limetoka, na dhamana inaachiliwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Namba ya IT ni methali hiyo iliyoandikwa kwa lugha ya forodha.

Wenzetu nao wanayo. Japani hutoa kibao chenye mstari mwekundu wa mshazari, na muda wake hauzidi siku 5. Ujerumani, Mtanzania aishiye huko akinunua gari ili alipeleke bandarini, hupewa namba yenye ukanda mwekundu ulioandikwa tarehe ya kuisha, au ile ya siku 5 yenye ukanda wa njano, na si kila nchi jirani inaitambua hiyo ya njano. Anaendesha huku jicho moja liko kwenye kioo cha nyuma. Jimbo la Texas kule Marekani lilitumia namba za karatasi kwa miaka mingi, hadi zikawa zinaghushiwa na wahalifu, na Julai 2025 likaziacha likarudi kwenye vibao vya bati. Fundisho ni lilelile kila mahali: namba ya muda ni imani, na imani ikikosa msimamizi huliwa.

Kwetu inaliwa namna gani? Tazameni watu watatu walio ndani ya safari hii.

Wa kwanza ni mwenye gari. Mara nyingine amekuja mwenyewe kutoka Ndola au Lubumbashi, amekaa nyumba ya wageni Dar es Salaam wiki kadhaa akisubiri karatasi, fedha zimemwishia, na sasa anaendesha gari asilolizoea katika nchi asiyoijua. Hajui kwamba Kitonga ina malori yaliyozimika kwenye kona. Hajui kwamba mteremko wa Iwambi umeua wengi. Kila anaposimamishwa anajiuliza kama kosa ni lake au ni la namba yake. Huyu ni mgeni wetu, na namna anavyotendewa ndiyo Tanzania atakayoisimulia kwao.

Wa pili ni dereva wa kukodiwa. Mwenye gari yuko mbali, ameliachia kwa wakala, na wakala amemtafuta kijana mwenye leseni. Kijana huyu halipwi mshahara, analipwa kwa safari. Safari ya Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Akifika haraka anarudi kwa basi au lori achukue gari jingine. Akilala, amelala njaa. Hana kaburi la kampuni wala pensheni. Basi huendesha mchana kutwa na usiku kucha, na ili apate cha kuongezea hupakia watu.

Wa tatu ni huyo anayepakiwa, naye ndiye ninayemlilia zaidi. Kwa nini mama wa Makambako anayekimbilia msiba Mbeya aingie gari lisilo na leseni ya abiria, lisilo na bima ya kumfidia, linaloendeshwa na mtu asiyelala? Jibu limo katika historia. Kuanzia miaka ya 1990 serikali ilikataza mabasi ya abiria kusafiri usiku, kwa kuogopa ajali na majambazi. Nia ilikuwa njema. Lakini msiba hausubiri alfajiri, wala ugonjwa. Basi lilipolala, usiku ukabaki kwa malori na magari ya IT. Katazo lile lilidumu takriban miaka 30 hadi lilipoondolewa mwaka 2023. Kwa miaka yote hiyo tuliwafundisha watu wetu kwamba ukitaka kusafiri usiku simama kando ya barabara upungie gari lisilo na kwao. Somo la miaka 30 halifutiki kwa tangazo moja.

Na gari hilo likipinduka, nini hutokea? Mwenyewe yuko nchi nyingine. Wakala anasema hakuagiza abiria. Kampuni ya bima inasema mkataba wake haukuwa wa abiria wa kulipa. Dereva, kama yuko hai, ameshaingia msituni. Kumbukeni nilichosema juu ya Paris ya mwaka 1893: namba iliwekwa ili aliyeumizwa ajue wa kumwendea. Namba hii ya muda inaijua forodha tu. Inajua ushuru unadaiwa nani. Haijui maiti inadaiwa nani.

Ndugu msikilizaji, wapo wanaosema dawa ni kuyapiga marufuku magari haya yasiendeshwe, yabebwe yote juu ya malori makubwa au juu ya reli. Hoja ya reli ina uzito. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na gari lililofungwa juu ya behewa halisinzii wala halipakii abiria Makambako. Lakini tusisahau kwamba mamia ya vijana wanakula kwa usukani wa IT, na mama lishe wa Ruaha Mbuyuni na wenye nyumba za wageni Tunduma wanakula kwa vijana hao. Kumfukuza mtu kazini bila kumwonyesha kazi nyingine ni kumhamishia hatari mahali pengine.

Yapo mambo ya kufanya wakati tunangoja reli. Wakala atakayekabidhi gari aandike jina la dereva na saa ya kuondoka katika hati ileile ya forodha, na malipo yake yahesabu usiku mmoja wa kulala Iringa. Kama dhamana inatozwa kwa ajili ya ushuru, itozwe pia kwa ajili ya damu, ili jamaa wa aliyekufa wasiambiwe kwamba gari halina mwenyewe. Trafiki akimkuta abiria ndani ya gari la IT, asiishie kumtoza dereva kisha akaliacha liendelee na abiria walewale. Na wenye mabasi ya usiku wasisimame Iringa na Mbeya mjini tu, wamfikie na mtu wa Igawa na Chimala, kwa sababu ndiye aliyekuwa mteja wa IT miaka yote.

Kwa jirani hatudaiwi. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa na Marais Magufuli na Lungu Oktoba 2019, kimepunguza siku za kungoja mpakani, na hilo ni jema. Tulifungua njia mwaka 1965 tukiwa maskini zaidi kuliko leo, na haifai kuifunga. Lakini wakati ule tulijua kila pipa la mafuta lilikuwa la nani na linakwenda wapi. Leo tunajua idadi ya magari yaliyotoka, na hatujui idadi ya watu wetu waliokuwa ndani yake. Anayeweza kuhesabu dhamana anaweza pia kuhesabu watu. Nawatakia safari njema.